Sura ya Sita: Kwato Kushoto kwa Reli

Lami ilimwagwa Jumatatu jioni, na kufikia Alhamisi asubuhi ilikuwa imekauka kama chuma. Ndiyo maana Sajini Orrin Gaither alipiga magoti katikati ya barabara akiwa na suruali yake ya kazini, akatoa futi ya kupimia mfukoni.

"Afande, hapo mbwa wote wa mtaa wanakojoa," alisema Koplo Dudek. Alikuwa amesimama pembeni na mkate wa soseji mkononi, haradali ikimchuruzika kwenye vidole.

"Wewe kula."

Reli za zamani zilipita katikati ya barabara ya mawe hadi ukingoni mwa maji, zikaishia hapo. Meli zilikuwa zimehamia gati jingine miaka mingi iliyopita, na garimoshi la mwisho lilipita Gaither akiwa bado na nywele. Sasa manispaa ya Baltimore ilikuwa inazifunika reli hizo kipande kwa kipande. Kipande hiki cha karibu na gati kilikuwa na urefu wa hatua arobaini, na Jumanne alfajiri kilikuwa bado laini.

Kwenye karatasi kesi yenyewe ilikuwa nyepesi. Jumanne kabla ya kupambazuka, farasi aitwaye Shemasi alitoweka kwenye mabanda ya uwanja wa mbio, maili tano kutoka hapa. Shemasi hakuwa farasi wa mbio. Alikuwa farasi msindikizaji, yule anayetembea ubavuni mwa farasi wa mbio kutoka bandani hadi geti la kuanzia, ili mwenzake asipagawe na kelele za watu. Saa nne asubuhi hiyohiyo Dudek alimkuta katika zizi la Mzee Cleophus Wye, mchuuzi wa matunda kwa mkokoteni wa farasi, hatua mia mbili kutoka gatini. Mzee alisema amemkuta amefungwa kwenye pete ya chuma ukingoni mwa maji. Dudek alicheka, akamfunga pingu.

Leo saa nane mchana mzee angepanda kizimbani. Akisomewa shtaka la wizi wa farasi, leseni ya zizi inafutwa siku hiyohiyo, na farasi wake wanne wanapelekwa mnadani kesho yake. Kwenye mnada ule wanunuzi wengi walikuwa watu wa machinjio.

"Njoo uone," alisema Gaither.

Dudek alikuja, akainama kidogo, si sana, kwa sababu ya tumbo.

"Alama za magurudumu. Gari limepita. Magari yanapita kila siku, afande."

"Na hizi?"

"Kwato. Farasi pia wanapita kila siku. Huu ni mtaa wa wachuuzi."

"Pima kutoka gurudumu la kushoto hadi kwato."

Dudek alishika ncha ya futi. Umbali ulikuwa futi mbili na nusu. Walisogea hatua kumi, wakapima tena: futi mbili na nusu. Pale barabara ilipokunja kuelekea gatini, magurudumu yalikunja, na kwato zikakunja nayo. Futi mbili na nusu.

"Gari limepita reli zikiwa katikati ya magurudumu," alisema Gaither. "Farasi ametembea kushoto kwake, bega kwa bega, njia nzima. Gari limerudi kwa njia hiyohiyo, haya hapa matairi yake. Kwato za kurudi ziko wapi?"

Dudek alitafuta, akatafuna, akameza.

"Hamna," alisema.

"Mzee Cleo ana gari?"

"Mzee Cleo hajawahi kushika usukani maishani mwake. Mtaa mzima unajua." Dudek alijifuta haradali kwenye karatasi. "Lakini anaweza kuwa na mwenzake mwenye gari."

"Anaweza," alisema Gaither, akakunja futi yake. "Twende zizini."

*

Zizi la Mzee Cleophus lilikuwa ghala dogo la matofali, na mbele yake ua wa udongo. Mkokoteni wake ulisimama chini ya paa la mabati, kijani na njano, mng'aro mtupu. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, amevaa buti za kupandia farasi. Alikuwa Ione Stansbury, mwenye Shemasi. Yeye ndiye aliyempanda kila siku ya mbio kwa miaka kumi na mmoja.

"Leo ndipo nimeruhusiwa kumchukua," alisema. "Nina haraka, Sajini. Keshokutwa tuna mbio kubwa, na Patapsco amegoma."

"Patapsco ni nani?"

"Farasi jike ninayemsindikiza. Kila mtu amemwekea matumaini. Jana na juzi hakutoka bandani. Wamemvuta, wamembembeleza kwa karoti, wapi. Bila Shemasi haendi popote."

Gaither alimtazama Dudek. Dudek alitazama mawingu.

"Kwa hiyo aliyemwiba Shemasi hakumtaka Shemasi," alisema Gaither. "Alitaka Patapsco asikimbie."

"Hilo hata mjinga angeliona," alisema Ione. "Samahani, Koplo."

"Hakuna neno, mama. Nimezoea."

"Wa kumshuku mmoja tu. Teague, banda la pili. Farasi wake ndiye wa pili kwa ubora."

Gaither aliandika jina. Kisha Ione akaingia, akamtoa Shemasi, farasi mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Gaither alisogea upande wa kushoto wa farasi, upande ambao watu wote humshikia. Shemasi akamsukuma kwa bega. Gaither akasogea tena, Shemasi akamsukuma tena, akazunguka taratibu mpaka Gaither akajikuta kulia kwake. Hapo farasi akatulia, akashusha kichwa.

"Ana nini huyu?"

"Hana kitu. Hiyo ndiyo kazi yake. Miaka kumi na mmoja, kulia kwake kuna mwenzake. Mimi nikiwa juu yake, mkono wangu wa kulia umeshika kamba ya yule mwingine. Ukimwekea kitu kushoto anahangaika. Ukimwekea kulia, hata ukimpeleka mwisho wa dunia atakwenda."

"Hata gari?"

Ione alifikiri. "Likienda polepole, hata gari."

Gaither alipiga picha kichwani. Kwa magari ya huku, dereva hukaa kushoto. Mtu angeweza kutoa mkono dirishani, akashika kamba, akaendesha mwendo wa mguu, na Shemasi angefuata kama yuko kazini. Mlinzi wa lango kuu alikuwa ameapa kwamba hakuna tela la farasi lililotoka usiku ule. Halikuhitajika tela. Nyuma ya mabanda palipita njia ya reli iliyoachwa, imeota majani, na njia hiyo iliteremka hadi hapa gatini bila kukatiza barabara hata moja yenye taa.

"Rangi ndiyo ilimkamatisha mzee," alisema Dudek, akionyesha bega la kulia la Shemasi. Palikuwa na mchubuko mdogo wenye rangi ya kijani. "Mkokoteni ni wa kijani. Alimfunga hapo amjaribu kuuvuta."

Gaither alikwenda kwenye mkokoteni, akapitisha kiganja kwenye miti miwili mirefu ambayo farasi hufungwa katikati yake. Ilikuwa mbao tupu, imelainishwa na jasho la farasi wa miaka na miaka.

"Rangi iko wapi hapa, Dudek?"

"Iko kwenye boksi la matunda."

"Farasi anafungiwa kwenye boksi la matunda?"

Ione alicheka kwa pua.

"Na tena, mkokoteni ungemchubua pande zote mbili. Huyu kachubuka kulia tu, usawa wa kioo cha gari." Gaither aligeuka kutoka, kisha akasimama. Alikuwa akitazama chini. "Nani anawalisha farasi wa mzee?"

"Manispaa, nadhani," alisema Dudek.

"Unadhani."

Dudek alikwenda kwenye duka la jirani kupiga simu. Alirudi na uso mwekundu. Manispaa haikumtuma mtu. Na farasi wanne walikuwa wameshiba, ndoo zimejaa maji, mavi yametolewa. Farasi wa kijivu, mkongwe kuliko wote, alikuwa amefungwa bandeji nyeupe miguu yote minne, kila moja imeishia usawa mmoja.

"Mtaa wenu mnawafunga farasi wa mkokoteni bandeji?" aliuliza Gaither.

"Mtaa wetu hata sisi wenyewe hatufungwi," alisema Dudek.

Lakini Gaither hakuwa anatazama bandeji. Alikuwa bado anatazama udongo wa ua. Ulikuwa umepigwa reki kwa mistari ya mshazari, inayokutana katikati, kushoto na kulia, kama mifupa ya samaki, kutoka ukutani hadi mlangoni. Mahali palipokanyagwa ni pale walipokanyaga wao.

Ione naye aliona. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, kisha akaufunga.

"Mama Stansbury?"

"Hiyo ni reki ya kwetu," alisema polepole. "Uwanjani. Kila asubuhi, kazi zikiisha, watunza farasi wanapiga reki hivyo mbele ya mabanda. Wachuuzi hawafanyi. Hawana muda huo."

"Banda lenu lina gari la kijani?"

Alimkwaruza Shemasi katikati ya masikio.

"Pikapu ya kubebea nyasi," alisema. "Ufunguo anao Lemuel. Lemuel Tackett, mtunzaji wa Patapsco. Lakini Sajini, Lem analala miguuni pa yule jike. Akikohoa, Lem haendi kula. Mtu huyo ndiye wa mwisho kumharibia mbio."

Gaither alifuta jina la Teague.

*

Saa tano na nusu alikuwa mbele ya selo. Mzee Cleophus Wye alikuwa ameketi kwenye ubao, kofia magotini, mgongo umenyooka kama yuko kanisani.

"Farasi wangu wamekula?"

"Wamekula, Mzee."

"Nani kawapa?"

"Hilo ndilo nalitafuta. Nieleze tena ulivyomkuta yule mwekundu."

"Nimeshaeleza mara tatu. Yule kijana wako mnene aliandika moja tu."

"Mimi nitaandika zote."

Mzee alivuta pumzi. "Alifungwa kwenye pete, fundo la kuvuta mara moja linafunguka. Wavu wa nyasi juu, usawa wa pua, asije akaukanyaga. Ndoo ya maji. Na begani kawekewa blanketi, maana upepo wa majini ule ulikuwa mbaya. Mwizi gani anamvisha farasi blanketi?"

"Kwa nini hukutoa taarifa?"

"Kwa nani? Simu sina. Huyo Dudek anapita kila siku saa nne kununua tufaha, na halipi. Nikamngoja. Nikamwambia, afande, nina farasi wa watu hapa. Akanifunga pingu na tufaha liko mdomoni."

Gaither aliandika yote, hata tufaha.

"Kuna mtu anayelitaka zizi lako?"

"Yule Lattimer, anayetaka kujenga hoteli. Kila mwezi anakuja na karatasi. Lakini yule anaogopa farasi, bwana. Anasimama ng'ambo ya barabara kuongea nami. Huyo hawezi kufunga wavu wa nyasi."

"Hapana," alisema Gaither. "Hawezi."

"Saa nane wanaita jina langu," alisema mzee. "Nina miaka sabini na mmoja. Mimi nitalala popote. Wale wanne nani atawanunua? Kijivu hana meno."

Gaither alitazama saa yake, akaondoka bila kuaga.

*

Pikapu ilikuwa nyuma ya banda, imejaa nyasi. Kioo chake cha upande wa dereva kilikuwa kimepindishwa ndani. Gaither alikiangalia kwa karibu. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka ukingoni, na kwenye skrubu ya chini zilinasa nywele nne nyekundu. Alizitoa kwa kibano, akazitia kwenye bahasha, akaandika saa: sita na dakika hamsini.

Lemuel Tackett alikuwa ndani, amepiga magoti kwenye majani mbele ya farasi jike mweusi, anamfunga bandeji mguu wa mbele. Alikuwa mtu mdogo, mweupe wa nywele, masikio makubwa. Hakugeuka.

"Ukija nyuma yake sema, asishtuke."

"Nakuja nyuma yake," alisema Gaither. "Polisi."

Mikono haikusimama. Ilizungusha kitambaa, ikakaza, ikazungusha.

"Shemasi amepatikana, nimesikia."

"Amepatikana Jumanne. Tunamtafuta aliyempeleka. Bwana Tackett, kwa nini ulipiga reki ua wa Mzee Cleophus?"

Mikono ilisimama. Tackett alitazama nje, pale mbele ya banda, ambapo udongo ulikuwa umepigwa mistari ya mifupa ya samaki.

"Nilipiga?"

"Ukuta hadi mlango."

"Mkono ulifanya wenyewe," alisema. "Sikujua hata kama nimefanya." Alimaliza bandeji, akaibana kwa pini, akabaki ameketi pale chini. "Nimekwenda jana na leo, kabla hakujapambazuka. Wale farasi hawakumkosea mtu."

"Mzee naye hakumkosea mtu."

"Najua."

"Basi niambie kwa nini."

Tackett alishika mkono wa Gaither bila kumwomba ruhusa, akauweka nyuma ya mguu aliotoka kuufunga, juu kidogo ya bandeji. Kupitia ngozi Gaither alihisi joto, kama la kikombe cha chai.

"Mshipa unachanika," alisema Tackett. "Akikimbia Jumamosi, utakatika kwenye kona, na yule kijana aliye juu yake ataruka kifudifudi mbele ya farasi tisa. Nilimwambia Bwana Voss, mfunzaji wetu. Akaniambia kazi yangu ni kuzoa mavi. Usiku wa kuamkia mbio wanamsimamisha kwenye barafu hadi asubuhi, daktari wa mbio akija kumshika mguu ni baridi, anapita."

"Ungemwambia daktari."

"Neno la mzoa mavi na neno la mfunzaji. Ungelisikiliza lipi?"

Gaither aliuondoa mkono wake mguuni.

"Nikasema, bila Shemasi hatoki bandani. Asipotoka, hakimbii. Jumapili ningemrudisha. Nilimfunga pale anapopita mzee kwa sababu nilinunua pichi kwake miaka ishirini, naona anavyowatunza wale farasi. Nilijua hatalala njaa."

"Na polisi?"

"Sikufikiria polisi. Niliwafikiria farasi tu. Hilo ndilo kosa langu."

"Mzee anasomewa shtaka baada ya saa moja," alisema Gaither. "Nywele na alama za tairi nitazipeleka, lakini mwendesha mashtaka ataomba muda wa kuzichunguza. Wiki, labda mbili. Farasi wa mzee wanakwenda mnadani kesho. Kitu pekee kitakachosimamisha kesi leo ni maelezo yako, yenye saini."

"Nikisaini, sikanyagi uwanja wa mbio tena. Nchi nzima."

"Hapana, hukanyagi. Na utalala ndani."

"Na huyu?" Tackett alionyesha kwa kidevu. "Shemasi karudi. Atamfuata hadi getini kama mwana-kondoo."

Gaither alitoa daftari. "Maelezo ya mtuhumiwa yanaandikwa yote, pamoja na sababu ya kosa. Sababu ikiwa ni mguu mbovu, ni lazima nimpigie daktari wa mbio aje autazame leo, kabla ya barafu. Hapo halitakuwa neno lako. Litakuwa langu."

Tackett alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Andika basi," alisema. "Anza na mguu."

"Mahakama inataka farasi aliyeibwa kwanza."

"Anza na mguu, Sajini, ama uandike peke yako."

Gaither alianza na mguu.

*

Saa nane na dakika ishirini shtaka liliondolewa. Hakimu hakuomba radhi, alifunga jalada tu, akaita kesi nyingine.

Ukumbini Tackett alikuwa ameketi kwenye benchi, pingu mkononi, Dudek kando yake. Mzee Cleophus alitoka akivaa kofia. Alisimama mbele yao.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," alisema Gaither.

Tackett alisimama, akataka kusema, mzee akainua kidole.

"Siku mbili nimelala kwenye ubao, na mtu aliyetapika upande huu na mtu anayelia upande huu. Usiniambie pole, sitaki pole yako." Alishusha kidole. "Yule jike waliyemtaja humo kortini?"

"Daktari kamshika mguu saa saba na nusu," alisema Gaither. "Kamfuta kwenye mbio. Anapelekwa shambani."

"Ataishi?"

"Ataishi."

Mzee alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea chenji iliyotimia. Kisha akamgeukia Dudek.

"Wewe, una gari hapo nje. Nipeleke nyumbani. Saa tisa watoto wanatoka shule na stroberi zangu zina siku mbili ndani ya boksi. Zitakuwa zimeoza zote, na utanisaidia kuzimwaga."

"Mimi ni polisi, Mzee."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe."

Dudek alimtazama Gaither. Gaither alichukua mnyororo wa pingu kutoka mkononi mwake, akamwonyesha mlango. Koplo akaenda mbele, mzee nyuma yake, wakashuka ngazi.

Tackett aliketi tena.

"Twende?" aliuliza Gaither.

"Twende," alisema Tackett, akatangulia.